Herufi Zisizoitika

Baba alikuwa karani wa mahudhurio
shamba la mkonge, upande wa Pongwe.
Saa kumi na moja alfajiri, chemli mkono wa kushoto,
aliita majina.
Chilumba? Hapa.
Ntahondi? Hapa.
Asiyeitika hapigiwi alama kwenye kipande,
na kipande kisicho na alama hakinunui unga.

Kwa hiyo nilipoanza Kiingereza cha kazi,
darasa la jioni, juu ya duka la godoro, Ngamiani,
niliingia na daftari la baba kichwani:
kila aliyepanga mstari, aitike.
Ndivyo Kiswahili kinavyoajiri.
Andika *kalamu*: sita zinaingia kazini, sita zinatoka,
hakuna aliyejificha nyuma ya mashine.

Lakini kile kisu chao!
K imesimama mbele, kifua nje,
unaiita, kimya.
Jumatano yao ina D katikati,
imelala kama mgeni wa msibani
aliyeshiba.
Na *debt*, yaani deni, ndani yake kuna B:
haisemi neno, ila ukiisahau unakatwa maksi.
Hiyo niliielewa upesi.
Kwetu pia deni halitajwi,
linakaa tu sebuleni, miguu juu ya meza.

Kisha kanali.
L mbili kwenye karatasi,
na mdomoni inatoka R
ambayo haikuandikwa popote!
Nilimwona baba akirusha kofia chini:
huyu ana jina, hafanyi kazi;
yule anafanya kazi, jina hana.
Mwalimu Shemweta akasema, Ridhiwa, usibishane nayo,
ikariri tu.

TH haikunisumbua.
Wenzangu wa bara walitoka jasho wakitoa ulimi nje,
mimi nina *thumni* ya bibi yangu,
nina *dhoruba*, nina *dhamana*,
nina hilo jina langu mwenyewe.
Kilichoniangusha ni kidogo kuliko ulimi.

Bandarini, kwenye usaili, walinipa karatasi nisome.
Nikawatangazia, kwa sauti ya kujiamini,
kwamba kondoo wa tani elfu nane
ametia nanga tangu asubuhi.
Mama mmoja wa kamati akainama kutafuta kalamu
ambayo haikuanguka.
Sisi irabu tano zinatosha nyumba nzima na wageni.
Wao wana I fupi na I ndefu,
na kati ya hizo mbili
meli huota manyoya.
Rudi baada ya mwezi, wakasema.

Mwezi huo huo baba akaanguka chooni.
Bombo walimlaza siku kumi na moja.
Mkono wa kulia haukurudi,
na maneno yakarudi nusu nusu, yamechafuka.
Asemeshwe, alisema daktari. Kila siku asemeshwe.

Basi tukawa wanafunzi wawili chumba kimoja.
Mimi kwenye kioo: meli, kondoo, meli, kondoo,
nikivuta mdomo mpaka mashavu yanauma.
Yeye kitandani: ba, be, bi,
na *bo* inamponyoka, inateremka kidevuni,
naifuta kwa leso.
Alikuwa akinicheka, nami nikimcheka.
Siku nyingine hakuna aliyecheka.

Jana umeme ulikatika.
Nikawa napapasa kiberiti
nikasikia kutoka gizani, kwa sauti ile ya alfajiri,
ya daftari na umande:
Ri…iwa?

Ilikuwepo. Naapa ilikuwepo,
ile DH, imesimama kati ya meno yake,
imepanga mstari kama wengine,
imeshindwa tu kutoa sauti.

Hapa, nikasema.
Hapa, baba.

Nilipowasha mshumaa
kidole chake cha kushoto kilikuwa juu ya shuka,
kinapiga alama.